Nilimcheka Mwenzangu Mbele ya Wageni

Kosa la wengi wetu tunapomuumiza mtu ni kuomba radhi kwa lile dogo ili lile kubwa lipite bila kuonekana. Msomeni mama huyu wa hapa hapa Hsinchu, Taiwan, kisha tuzungumze.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo nimeshindwa kumwambia hata mume wangu. Mimi ni mkuu wa maabara katika kampuni moja ya hapa, tunatafuta chipu ya kompyuta inayotumia umeme kidogo mno, kiasi kwamba utando wa kunasa jua usiozidi kiganja uweze kuiendesha, na kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na Tseng Yi-lun, ambaye chuoni nilimtangulia mwaka mmoja na tangu hapo ananiita dada. Kama ilivyo kwenye maabara nyingi za mji huu, juu ya mtambo wetu hukaa pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, ambayo watu huamini huufanya mtambo utulie usizimike, na Yi-lun ndiye aliyekuwa akiinunua na kuibadilisha kabla tarehe yake haijapita, mimi nikinyamaza tu. Mwezi uliopita wakaja wakurugenzi kutoka Taipei, nami kwa kuona haya nikaitupa pakiti asubuhi ile, na walipoingia tu mtambo ukazima mbele yao, utando mwembamba tuliokuwa tukiutandaza juu ya chipu ukaharibika wote, ingawa kwa kweli pampu ya kutoa hewa ilikuwa imepitisha muda wa matengenezo kwa ajili ya ziara hiyo, basi mkurugenzi mmoja akatania, "Vipi, leo hamkuulisha?" nami nikajibu upesi, "Muulizeni Daktari Tseng, yeye huamini bisi kuliko vipimo."

Wakacheka wote. Mkurugenzi akaongeza, "Tseng, tukununulie duka zima?" Yi-lun naye akacheka, akasema, "Kibanda kitatosha, mzee."

Tangu siku hiyo ananiita Mkuu. Nikimuuliza, "Umekula?" ananijibu, "Nimeshakula, Mkuu," hata kama saa ya kula bado. Ameomba uhamisho kwenda tawi la Tainan, anaondoka mwisho wa wiki hii, na bila yeye sioni kazi yetu ikifika popote. Nimenunua pakiti mpya, imo mkobani, lakini nikiirudisha vijana wa maabara watasema mkuu mzima amesalimu amri kwa bisi. Je, niirudishe juu ya mtambo, au nimpe mwenyewe faraghani na kumwomba radhi kwa kuitupa ile ya kwanza?

Ni mimi, Dada wa Zamani.

Dada wa Zamani, pole. Watu wanaotuita dada tangu ujana hawapatikani tena uzeeni.

Nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, na juu ya mashine yetu ya kunakili mitihani pakiti haikukosekana, kwa hiyo mimi sikucheki. Anayetandaza utando mwembamba kuliko unywele mara maelfu haoni kwa macho kile anachokifanya. Hupima, husubiri, hutumaini. Pakiti ile ni tumaini lililowekwa mahali pa kuonekana, basi. Yi-lun ni msomi kama wewe, anajua fika kwamba mahindi hayaendeshi pampu. Bisi hazikumuudhi.

Sasa isome tena barua yako. Umeitaja pampu mara moja, ukaikimbia. Katika maabara, nani huamua lini mtambo uzimwe ufanyiwe matengenezo? Ni mkuu wake. Uliyaahirisha wewe ili wageni waukute ukinguruma, na Yi-lun alijua. Angeweza kusema neno moja tu mbele ya wakubwa ukaumbuka. Badala yake alicheka, akakubali kuonekana mjinga ili wewe usionekane mzembe. Alikufunika kwa shuka lake mwenyewe, nawe ukamwacha na baridi. Mwezi mzima amengoja useme, wewe unamuuliza kama amekula.

Unataka kumpa pakiti faraghani. Mama, aibu iliyompata mtu hadharani haitibiwi chumbani. Wakurugenzi wale bado wanaamini kwamba mtambo ulizimika mikononi mwa mtu wa ushirikina, na jina hilo litafika Tainan kabla yake.

Sitakudanganya: huenda akaondoka hata hivyo. Mtu akishafunga mizigo moyoni, kuifungua si kazi ya siku moja, na miaka ya udugu ambayo huenda mmeipoteza sina dawa yake. Lakini akienda, aende na jina safi. Vijana waseme watakalo. Watajifunza kwako namna mkubwa anavyokiri kosa, somo ambalo chuoni halimo.

Leo, kabla hamjatoka kwenda kula mchana, mwite Yi-lun aketi karibu yako, uwapigie simu wakurugenzi wa Taipei akisikia, uwaambie kwamba matengenezo ya pampu uliyaahirisha wewe.