Mama Huyu Simkumbuki

Maparoni,
9 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Saadi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Je, wewe hapo Kibiti? Kile kifua kimepoa? Na kazi yako ya kuandikisha watu bima? Simu nakupigia hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua anakuja nayo Elinipendo, nesi wa zahanati yetu, anafuata dawa.

Nina mimba, Saadi. Miezi mitatu na nusu. Miaka sita naambiwa nimekauka, leo natapika kwa harufu ya samaki! Haruna hajui acheke au alie.

Lakini nesi kanikalisha chini. Kasema mwenye mshono wa tumbo kama mimi hazalii zahanati, wala hasubiri uchungu umkute kisiwani. Niende mapema kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Yule wa kwanza unamkumbuka: mimi nilipona, yeye tukamzika.

Basi niandikishe kwenye bima yenu, mimi na mume wangu. Niambie nilete nini.

Dada yako,
Mwanahalima


Kibiti,
20 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, kifua kimepoa. Nimefurahi mpaka nimemwambia muuza chai. Mama mpe pole ya magoti.

Kuhusu bima, dada. Utaratibu wa mfuko wetu ni huu: anayejiunga akiwa tayari mjamzito, malaria anatibiwa, jino anang'olewa, lakini kujifungua na kupasuliwa hakulipiwi mpaka kadi itimize miezi tisa. Watu walikuwa wanajiunga wakishaona tumbo, wakishazaa hawaonekani tena. Si mimi niliyepanga. Nikikuandika leo, kadi itakomaa Novemba, na wewe unazaa Julai.

Ungekuja mapema. Bima ni mwavuli, haununuliwi mvua ikishakulowesha. Haya ndiyo tunayowafundisha wananchi kila siku. Mwambie shemeji aanze kudunduliza.

Mdogo wako,
Saadi


Maparoni,
2 Machi 2025

Saadi,

Salaam alaykum na Ramadhani njema. Mama hajambo. Salamu zimeisha.

Mwavuli! Mimi ndiye wa kuambiwa habari za mwavuli?

Agosti mwaka jana ulikuja hapa na begi lako la fomu, ukaketi uani kwangu, ukala wali wangu kwa kamba. Nikakwambia mbele ya wanawake wenzangu, niandike. Mimba sikuwa nayo. Kitambulisho nilikuwa nacho mkononi na mchango wangu kamili. Ukasema nini? "Dada, lazima mkuu wa kaya atie sahihi." Haruna alikuwa dago, kambini na wavuvi wenzake, mwezi mzima. Nikakwambia mimi ni mtu mzima, na jina langu naliandika vizuri kuliko yeye lake. Ukacheka. "Shemeji akirudi atasema naingilia nyumba yake." Ukapanda boti, ukaenda zako.

Sasa nesi Elinipendo kaniulizia huko huko ofisini kwenu. Sahihi ya mume haimo kwenye taratibu zenu. Haimo! Uliitunga wewe, kwa kumwogopa shemeji yako na kwa uvivu wa kurudi mara ya pili.

Kwa hiyo usiniambie nimechelewa. Mimi niliwahi, wewe ukanirudisha. Nenda kwa mkubwa wako, Bwana Urbano, ukamwambie hivyo hivyo, na kadi yangu ihesabiwe tangu Agosti.

Dada yako,
Mwanahalima


Nyamisati,
20 Mei 2025

Saadi,

Machi hukujibu. Aprili hukujibu. Hata Idi ilipita hukumpigia mama. Ndiyo maana jana uliniona mlangoni mwa ofisi yenu. Nilivuka kwa boti, nikapanda bodaboda mpaka Kibiti, tumbo la miezi saba limekaa kati yangu na dereva, kila shimo nalihesabu.

Bwana Urbano alinipa kiti. Nikamweleza. Akakuita, akakuuliza, "Saadi, mama huyu alikuomba umwandike Agosti?"

Ukatazama mafaili. Ukasema, "Mama huyu simkumbuki."

Mama huyu! Mimi niliyekubeba mgongoni mama akiwa shambani, mpaka miguu yako ikawa inaburuta chini!

Sikumwambia Bwana Urbano kwamba tumetoka tumbo moja. Usidhani nilikuhurumia. Niliona aibu.

Naandika hapa bandarini, boti inapakia. Mtoto huyu akifa kama mwenzake, usije kwenye maziko.

Ni mimi,
Mama huyu


Kibiti,
28 Mei 2025

Dada,

Salamu sithubutu kuanza nazo.

Niliogopa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nikajua nikisema kweli kibarua kitaota nyasi. Ulipotoka nilikufuata mpaka barabarani, ukawa umeshaondoka.

Jana nilimwendea Bwana Urbano kabla hajaketi. Nikamwambia, "Yule mama ni dada yangu. Aliniomba nimwandike Agosti, nikamrudisha kwa maneno yangu mwenyewe." Akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema, "Na ukamkana akiwa amekaa mbele yako?" Akanisukumia karatasi. Nimeandika yote, nikatia sahihi.

Kadi yako imekubaliwa, itahesabiwa tangu Agosti. Amesema kosa ni la ofisi, si la mama. Nesi atakuletea. Mimi nimesimamishwa kazi.

Nisamehe.

Mdogo wako, kama bado unanihesabu,
Saadi


Maparoni,
6 Agosti 2025

Mdogo wangu Saadi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Mama mzima, magoti kayasahau, kutwa yuko na mjukuu.

Nilijifungua tarehe 17 Julai, kwa kisu. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, ana sauti ya mnadi samaki. Kadi waliisoma, wakaniingiza ndani, basi. Haruna alilia waziwazi mbele ya manesi. Nilitaka kukushukuru na wewe, kalamu ikakataa.

Imekataa kwa sababu Bwana Urbano alipita wodini kututazama, nikamwomba anionyeshe karatasi yako. Uliniambia umeandika yote. Nimesoma mstari kwa mstari, nimemkuta dada yako peke yake. Siku ile uani kwangu tulikuwa wanawake tisa, Saadi. Zuhra alikuwepo. Warda alikuwepo. Wote uliwaambia waende wakalete sahihi za waume, na Warda ni mjane!

Fatu, naye alikuwa uani siku ile, sasa ana mimba ya miezi mitano. Alikuomba akiwa hana kitu tumboni, kama mimi. Leo ofisi yenu inamwambia kachelewa, asubiri miezi tisa. Yeye hana mdogo wake humo ofisini wa kumkosesha usingizi. Ile sahihi ya mume alikuwa anaamini ni sheria ya serikali.

Nimewaambia ukweli. Zuhra alitema mate chini. Tumeandika majina yote, asiyejua kuandika katia dole gumba, na karatasi imeondoka leo asubuhi na nesi kwenda kwa Bwana Urbano. Usije ukasema dada yako kakuzunguka.

Najua unataka kumwona mpwa wako, mama kaniambia umempigia. Njoo, kuna boti Jumatano. Lakini hutaanzia kwa mtoto. Utaanzia uani, na wote watakuwepo. Uwaambie kwa mdomo wako kwamba ile sahihi ya mume ilikuwa uongo wako. Uanze na Fatu, na umtazame usoni.

Ukimaliza, nitakuita ndani.

Dada yako,
Mwanahalima