Mti Uliovishwa Gauni la Akinyi

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, kwa sababu siku hiyo nimetakiwa kusoma riwaya yangu kwenye kaburi lisilo na mtu.

Nilikulia Ilemela, kando ya ziwa, na rafiki yangu alikuwa Akinyi, binti wa jirani zetu Wajaluo waliotoka Mara, naye alikuwa na miaka kumi na mitano na mimi kumi na mitatu baba yake alipoamua kumwachisha shule ili aolewe, basi mchana mmoja, wadudu wa ziwani wakiwa wamesimama juu ya maji kama moshi, Akinyi aliacha gauni na kandambili zake juu ya jiwe, mimi nikambebea mfuko hadi stendi ya Nyegezi, akapanda basi la Bukoba, nikamwapia kwamba sitasema, na wavuvi wakatafuta maiti siku tisa. Kwa Wajaluo, mtu akipotea majini na mwili usionekane, huzikwa tunda la mwegea, lile refu la kijivu, mahali pake, nami nililiona likifunikwa shuka na kuitwa kwa jina la Akinyi, nikalia pamoja na wengine.

Mwaka uliofuata alipiga kwenye simu ya mama yangu kwa namba ngeni, nikapokea mimi, akauliza, "Wamenizika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi pale kwetu mimi ni mzimu," akakata, na sijamsikia tena.

Tunda lile liliota, ingawa wazee walisema lilizikwa chini mno, na mama yake Akinyi, Mama Odoyo, anauvika ule mti gauni, na kila mwaka anashona jingine kubwa zaidi, na nikipita ananiita, "Njoo usimame naye, mwanangu. Umeona? Amekupita. Wewe ulikuwa huli vizuri," kisha anacheka, nami nacheka, huku miguu yangu ikiwa ya baridi juani.

Sasa nimeandika riwaya ya msichana anayekua, ndani yake rafiki yake anazama, na mhariri amelisifu sana lile tunda, anasema ni ishara ya utoto uliozikwa, na Mama Odoyo, ambaye mumewe alishafariki, anataka nisome sura ya mazishi pale kaburini, miaka kumi na minane ikitimia. Je, nisome, au nisafiri nisionekane?

J., Ilemela

Binti yangu J., marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilifunga dirisha. Lakini hofu yako usiipe mti. Mti unakua kwa sababu ni mti.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ulitunza siri ya rafiki aliyekuwa anakimbia ndoa. Kwa hilo sikulaumu, huenda ulimwokoa. Ila baba mwenye amri ile amefariki, na wewe una miaka thelathini na mmoja. Mhariri anaona ishara kwa sababu hajui kitu. Wewe unajua basi alilopanda, na bado umemzamisha Akinyi mara ya pili, kwa wino, ili watu wakusifu. Kukua ni kuacha kujificha nyuma ya mtoto uliyekuwa.

Akinyi alikuuliza kama bado ana kwao, ukamjibu kama karani. Leo mama anamshonea nguo mtu ambaye pengine anaishi na kuvaa saizi ambayo mama huyo haijui.

Jumapili usisome. Nenda kesho asubuhi. Mwite kwanza Odoyo, kaka yake, akae karibu na mama. Sema: "Mama, Akinyi hakuzama. Nilimsindikiza Nyegezi. Mwaka uliofuata alipiga simu." Usiahidi kwamba yu hai, maana hujui. Usilie kabla yake. Akikufukuza, ondoka, akikuita, rudi. Kaburi liachie ukoo: wazee wao wanajua namna ya kumpokea aliyezikwa bila kufa. Wewe msaidie Odoyo kumtafuta, kuanzia Bukoba. Na kitabu kisichapwe mpaka mama aseme.

Jibu hili nimekutumia leo Jumanne. Gazeti letu linatoka Ijumaa, pamoja na barua yako, na ingawa jina lako nimelificha, jirani yeyote wa Mama Odoyo ataitambua habari hii kabla hajamaliza chai. Usikubali mama aisikie kwa majirani.