10,001 Si Tasa, Baba

Kitale,
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nikiwa mzima. Mgongo wako unaendeleaje? Na mahindi ya upande wa mtoni, yameshika? Hapa kwa dada yako Senge nakula vizuri, lakini jioni nikisikia jirani akipukuchua mahindi, Naitiri yote inanijia kifuani. Ningepiga simu, ila wajua kwenye simu mimi husema "ndiyo Baba" tu, basi.

Unakumbuka 10,001? Kila jioni tukipukuchua tuliijaribu kwa namba tasa moja moja: mbili, tatu, tano, saba, mpaka sabini na moja. Kila mara ilibakiza. Mwishowe ukachukua makaa ukaandika kwenye mlango wa ghala kwamba ni tasa, haigawanyiki. Hata mchungaji ulimwonyesha.

Mwezi uliopita, kwenye kitalu cha Mama Njeri ninakofanya kazi, mteja wa Saboti aliagiza miche elfu kumi ya miti. Mama Njeri huongeza mmoja wa shukrani, na safu lazima ziwe sawa ili mteja ahesabu haraka. Tukajaribu mia mia. Mmoja ukabaki.

"Si uwekwe tu kando," akasema Barasa, tunayefanya naye kazi.

"Kando kama yatima? Zawadi yangu? Hapana bana!" Mama Njeri akakataa.

Nikachukua kijiti nikapiga hesabu mchangani. Baada ya sabini na moja namba tasa inayofuata ni sabini na tatu, Baba. Hatukuwahi kuijaribu. Nikasema, "Safu mia moja thelathini na saba. Kila safu miche sabini na tatu."

"Ati nani ameongea? Kumbe haka kasichana ka Naitiri kana sauti!" akasema Mama Njeri.

Wakacheka. Barasa akaniambia, "Ukibaki hata mmoja, utaubeba kwa kichwa mpaka Saboti." Tulipanga siku mbili. Safu ya mwisho ikajaa, hakuna mche uliobaki. Siku hizi agizo likija, mimi ndiye ninayesimama mbele ya wenzangu kumi na wawili kuwaeleza tutakavyopanga. Naona haya, lakini nasimama.

Sijawahi kukuambia umekosea, na hata sasa kalamu ni nzito. Lakini ulisema pia siwezi kuwa mwalimu, kwamba mtoto anayejificha jikoni wageni wakija hatasimama mbele ya darasa. Ukafungia cheti changu cha shule sandukuni. Baba, nadhani hata hapo uliacha kujaribu mapema. Chuo cha ualimu kinapokea maombi mpaka mwisho wa mwezi, na bila cheti sina cha kupeleka.

Msalimie Mama, na bibi yangu Kukhu, umwambie nimeshapona kikohozi. Kaka Wafula asiuze yule kuku wangu mweupe.

Nimewakumbuka sana. Jumamosi nitakuja. Nakuomba nikute sanduku limefunguliwa. Na kama jibu lako bado ni hapana, niambie tukiwa tumeketi wawili, ili nami niweze kukujibu.

Ni mimi binti yako, mwenye hamu ya kukuona,
Nekesa