Amejuaje Nalala Ubavu wa Kushoto?

Shoga, shika simu! Ndiyo kwanza tumerudi kutoka duka la magodoro.

Muuzaji ni mdada mrembo, kucha hizo! Kamwambia mume wangu, "Kaka, lala chali." Naye huyo, viatu chini, kajilaza kama yuko kwake.

Yule dada akapitisha mkono chini ya kiuno chake. Kiuno cha mume wangu! Mbele yangu! Eti anapima: mkono ukipita kirahisi, godoro gumu mno, ukikwama, laini mno.

Nikasema, "Toka, nilale mimi. Mgongo unaouma ni wangu."

Akanipima. "Dada, chukua hili la ugumu wa kati. Si unalala ubavu wa kushoto?"

Shoga! Amejuaje ubavu wangu?

"Mumeo alikuja jana peke yake. Alisema unalala ubavu wa kushoto, na ukijigeuza unaugulia maumivu, naye hapati usingizi kwa kukuonea huruma."

Mimi hajawahi kuniambia hivyo! Hata siku moja! Kaenda kumwambia mwenye kucha!

Godoro tumenunua, na kweli nilipolijaribu mgongo ulitulia palepale. Njia nzima ananibembeleza. Na mimi bado nimenuna, maana nikicheka tu ataacha.