Niliandika Hakuna

Jumatatu, 6 Oktoba
Duka nimefungua saa mbili. Mvua. Wateja watatu, wote wanataka dawa ya kupe. Nikarudi kwenye fomu. Kurasa kumi na moja za kuthibitisha kwamba mimi ni mtu wa mali. Kiwanda kipya cha makadamia kule Kenol hakiuzii kila mtu hisa. Kinauzia tu watu ambao pesa zikipotea bado watakula na kulala. Hiyo ndiyo maana ya fomu nzima, ingawa wameizungusha kwa maneno makubwa. Mwangi mwenye duka la hadware alifuzu mwezi uliopita. Sasa kanisani anakaa mbele na kusema "sisi wawekezaji". Namwonea wivu. Naandika hapa kwa sababu kwingine siwezi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejumlisha duka, gari, akiba ya chama. Haitoshi. Haikaribii hata.
Dada yangu Nyawira ametuma nduma na ndizi kwa pikapu ya maziwa, kama kila wiki. Sijawahi kumtumia chochote cha maana. Hajawahi kuuliza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Shamba la Baba kule Tetu. Nimelifikiria siku mbili nikijifanya silifikirii.
Hati ina jina langu peke yake. Baba alipofariki tulikubaliana hivyo mbele ya wazee: mimi ndiye kifungua mimba, liandikwe jina moja, lakini shamba ni letu wawili. Mtu kama huyo kwetu huitwa mũramati. Anatunza kwa niaba ya wote, hali peke yake. Nyawira ndiye anayeishi pale. Ndiye hupogoa miti ya kahawa, ndiye alimuuguza mama miaka minne huku mimi nikileta sukari Jumapili.
Nikilihesabu lote kuwa langu, nafuzu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeapa. Wakili alinisomea maswali moja moja. La tisa: kuna mtu mwingine yeyote mwenye haki katika mali hii? Niliandika Hakuna. Niliandika upesi, na hilo ndilo linanitisha. Mhuri ukagongwa. Nikapitia buchari, nikanunua mbavu za mbuzi za kusherehekea. Sikula.

Jumapili, 12 Oktoba
Sikuenda kanisani. Nimesema ni mgongo. Mgongo uko sawa.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimefuzu. Mwangi amepiga simu kunipongeza, akaniita mheshimiwa. Furaha ilidumu hadi chai ya saa nne. Nina hadi mwisho wa mwezi kulipia hisa. Nduma za Nyawira zimefika tena. Nimempa jirani.

Jumatatu, 20 Oktoba
Sikukuu ya Mashujaa. Kijana wangu Kimani ameshuka kutoka Nanyuki. Nakala ya kiapo niliiacha mezani, mjinga mimi. Akaisoma yote, akafurahi.
"Kumbe shamba yote ni yetu, dad? Mimi nilikuwa nadhani auntie ako na share yake."
Nikasema tutaongea. Akachukua kipande cha mkate.
"Basi anakaa tu. Lakini si mbaya, akizeeka tutamtafutia karumu hapa tao."
Alisema kwa roho safi, akitafuna. Angekuwa mtoto mbaya ningemfokea, na ningepumua.
Kimani ana jina la baba yangu, kama desturi inavyotaka. Ndiyo maana Nyawira humwita baba. Tangu akiwa na wiki moja, baba. Humwekea kiti, humpa kikombe cha kwanza. Na leo huyo baba amemhamishia kwenye karumu, chumba kimoja cha kupanga mjini, na hakukosea kusoma. Nimeandika mimi.

Jumatano, 22 Oktoba
Sijalala vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nikifa atakayeumbuka ni Nyawira. Kimani atatoa karatasi yenye sahihi yangu na mhuri, na ataamini anatetea haki. Nilitaka tu kukaa kiti cha mbele. Kwa kiti nimemfuta dada yangu. Naona haya hata kunyoa, kwa sababu ya kioo.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimeenda Tetu. Nilimkuta akichuma kahawa. Nilimwambia yote nimesimama, kofia mkononi. Aliendelea kuchuma. Lile tawi lilipokwisha akauliza ilikuwa siku gani. Nikasema Ijumaa, tarehe kumi. Akafikiri kidogo.
"Hiyo siku nilikuwa hapa," akasema. "Nilikuwa nafyeka majani kwa kaburi ya mama."
Basi. Akaenda tawi lingine.
Hakunikaribisha chai. Tangu nizaliwe sijawahi kutoka boma lile bila chai. Nimeendesha gari hadi mjini redio ikiwa imezimwa.

Jumatatu, 27 Oktoba
Kwa wakili tena. Alinikaripia kama mtoto wa shule, na ana haki: kiapo cha uongo kinaweza kunipeleka kortini. Nikaandika kingine. Swali la tisa: Nyawira, dada yangu, nusu. Akaniambia kwa hiyo nusu sitafuzu. Nikamwambia najua. Nimemwomba aanze pia karatasi za kugawa shamba, kila mtu na hati yake.
Jioni nikampigia Kimani. Nikamweleza kwamba nusu ni ya shangazi yake. Kisha akasema atakuja Jumamosi.

Alhamisi, 30 Oktoba
Jibu la kiwanda. Mstari mmoja, sijafuzu. Nilidhani nitasikia wepesi. Nimesikia aibu tu, ile ile, na njaa.

Jumamosi, 1 Novemba
Tumeenda Tetu mapema, mimi na Kimani. Nyawira akampa mkono, akasema, "Baba, umekuja." Kimani alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi sikusalimiwa. Nilipewa kikapu na kamba ya kukifunga kiunoni, nikaonyeshwa mstari wangu.
Sijachuma kahawa tangu shule ya msingi. Vidole vimesahau. Baadaye akapita nyuma yangu, akatia mkono kikapuni mwangu, akaanza kutoa punje za kijani moja moja.
"Chuma nyekundu peke yake," akasema.
Nikachuma nyekundu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwa mto. Saa nne akatuita chai. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Kimani, cha pili chake mwenyewe. Kulikuwa na cha tatu.