Medali Iliyobaki Kashebere

Bihambwe, Masisi
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Jean-Bosco,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya familia nzima, nakutangazia kuondoka kwa jino langu la mbele, upande wa kushoto. Lilinitumikia zaidi ya miaka arobaini bila kulalamika, likatutoka ghafla mwezi wa saba, katikati ya hindi la kuchoma. Kuku wa Shangazi ndiye aliyelizika, tumboni mwake. Tangu hapo nikisema napiga filimbi, na mke wangu Jeannette anashukuru Mungu kwamba sasa ananisikia nikiwa bado mbali na nyumba.

Baada ya msiba huo, naomba hali yako. Mgongo unaendeleaje na kile kiwanda cha nyama? Watoto wanasoma? Baridi imeanza kutafuta njia ya kwenu ao bado? Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Maharagwe yamekubali, mihogo nayo, na siku bunduki zinapolia mbali tunalala kama watu.

Barua hii naiweka mkononi mwa Padri Raphaël, anayepitia Goma kwenda Kigali, aiposti huko ije kwako Amerika, kwa sababu maneno yake hayafai kwenye simu. Umeniuliza mara nyingi medali iko wapi, na kila mara rezo inakatika. Kaka, rezo yetu ni mbaya, lakini si mbaya hivyo.

Tuanze na koti. Francine, binti wa Shangazi Anastasie, bado anauza mutumba pale sokoni Kashebere. Mwezi wa sita alifungua balo la nguo za Amerika, likatoka koti zito la kijeshi, la zamani, ambalo hakuna aliyelitaka. Ukilivaa kwenye barabara yetu, utaeleza kwenye kila kizuizi wewe ni askari wa nani. Akalipeleka kwa mama yake, likatundikwa kwenye msumari ukutani. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwomba Shangazi ahame. Nikapapasa lile koti, nikakuta kitu kigumu kimeshonewa ndani ya bitana: medali, moyo wa zambarau wenye ukingo wa dhahabu, kichwa cha muzee mwenye nywele ndefu, na nyuma jina la mtu, Orval Dunning.

Nilikufikiria mara moja. Wengine wakifika Amerika wanakusanya magari. Ndugu yangu anakusanya medali za vita ambavyo hakupigana, kana kwamba vya kwetu havikumtosha. Basi nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, nikaipiga picha, nikakutumia. Ile sauti uliyonitumia, ukilia kwamba nimeua uzee wote wa medali, bado naitunza. Jeannette akihuzunika namwekea aisikilize.

Ulipomaliza kulia ulinieleza kwamba hiyo wanampa askari aliyejeruhiwa ao kuuawa, na kwamba namba ndogo ukingoni pamoja na jina nyuma ni jambo la nadra, wakusanyaji wenzako wanalitafuta maisha yao yote. Ukasema utamfuatilia huyo Orval kwenye makaratasi ya jeshi lao, na mimi nisiiguse tena. Kisha rezo ya Kashebere ikafa kweli.

Nikangojea hapo hapo. Unajua Shangazi anavyoishi. Tangu mwanawe Noël alipotoweka kwenye njia ya msitu wa Walikale, alipokwenda kununua mawese, na hakuna aliyeleta hata kiatu chake, hataki kusikia neno kilio wala matanga. Vita vinasogea, majirani wanafunga mikeka, yeye anauliza: Noël akirudi atamkuta nani? Kila jioni anamwekea sahani yake. Na Komanda, yule mbwa wa Noël, analala mlangoni akitazama barabara.

Koti lilipoingia, Komanda akakataa kuvuka kizingiti. Anasimama pale, manyoya ya mgongo yamesimama, wala habweki. Halafu asubuhi moja nikaona udongo chini ya koti umelowa. Ni kiangazi, kaka, hata kisima kilikuwa kinakohoa. Nikasema paa linavuja. Shangazi akaniuliza linavuja jua? Tukalianika koti mchana kutwa, likakauka kama ngozi ya ngoma. Kesho yake udongo umelowa tena, na kwenye ncha za mikono matone yananing'inia.

Shangazi akachovya kidole, akaonja.

"Iko chumvi," alisema. "Uyu muntu alikufia mu maji. Na mama yake bado anamungojea."

Nikamkumbusha kwamba yeye maji makubwa kuliko mto hajawahi kuyaona. Jioni ile aliweka sahani mbili, ya Noël na ya mgeni.

Jumapili rezo ikarudi, na meseji yako ikaingia: meli iliyombeba Orval ilizamishwa baharini, mwili haukuonekana, medali ikatumwa kwa mama yake, mjane asiye na mtoto mwingine, na hukupata jamaa yeyote aliyebaki. Nilimsomea Shangazi. Yeye hakushangaa. Aliuliza tu kama walimzikia mugomba.

Umekaa huko siku nyingi, lakini hili hujalisahau. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunakata shina la mgomba la urefu wake, tunalivika kitu chake, tunaita jina lake, ndipo tunafukia, ili ajue nyumbani ni wapi na aache kutembea. Nikamwambia Amerika hawana migomba.

"Njo maana anatembea," alisema.

Utasikia mengi huko. Wengine watakuambia medali ilichukuliwa kwenye kizuizi upande wa Mubambiro, wengine kwamba niliiuza ninunue jino. Kilichotokea ni hiki.

Tulikata shina nyuma ya nyumba ya Shangazi, mchana kweupe. Papa Paul, katekista wetu, alikuja na rozari, akatueleza kwamba yeye mambo ya mugomba hayajui, anapita tu. Kisha akashika jembe. Tukalivika shina lile koti. Francine akabandika medali kifuani, mahali pake. Mimi, mwanaume mkubwa wa ukoo aliyebaki huku, nikaita, "Orval! Orval Dunning!" Jina likatoka na filimbi kwenye pengo, na hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeitika pia. Ndivyo inavyotakiwa.

Nilipoinama kuchukua udongo, Shangazi akanishika mkono. Akatoa sahani ya Noël ndani ya kitenge chake, akaishusha shimoni kando ya koti.

"Kuko nafasi," alisema. "Ita na Noël."

Miaka yote hii hajawahi kuturuhusu. Nikaita. Hakuna aliyeitika. Lakini Komanda aliinuka pale mlangoni, akatazama barabara, mkia ukaanza kucheza. Akashuka mbio hadi njiani, akageuka, akarudi polepole, kichwa juu kama mbwa anayepapaswa, hadi ukingoni mwa shimo. Akalala hapo. Shangazi akatazama kando ya mbwa, mahali ambapo mimi sikuona mtu. Akatazama sana.

"Basi," alisema. "Mufunike."

Kesho yake alifunga mkeka wake mwenyewe. Sasa yuko nasi hapa Bihambwe, anakula, ananicheka pengo, anaweka sahani yake peke yake. Kwa hiyo, kaka, medali haiji. Lile sanduku lako la kioo litabaki na nafasi tupu, na nakuomba uiache tupu hivyo hivyo.

Na kwa kuwa nasema ukweli, niumalize. Nimemwambia Jeannette kwamba yale maji sikuyaonja. Niliyaonja. Yana chumvi.

Komanda tulimwita, tukamvuta, hakutufuata. Francine, ambaye bado anafika sokoni, anasema analala juu ya kaburi, mvua na jua, lakini kamwe si katikati. Amejibana pembeni kabisa, kama wa tatu kwenye kitanda cha wawili.

Msalimie mama wa nyumba yako Estelle, na Élysée na Aurélie, waambie baba yao mdogo bado mzuri. Shangazi anakubariki, anasema ukipita karibu na bahari uwasalimie waliomo. Mungu akulinde kazini na njiani, na kila siku akurudishe nyumbani.

Ni mimi nduguyo, mwenye mapenzi tele na meno pungufu,
Callixte