Imla ya Wifi Zuhura

Alhamisi, 2 Oktoba

Khamis ameondoka zamu ya asubuhi. Kabla ya kutoka kaweka glavu zangu juu ya hita, ili nikizivaa nizikute na joto. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Somo na Salma baada ya chai. Ana miaka mitano. Mtoto wa Khamis na marehemu mkewe, na sasa wangu. Anasoma nyumbani, baba yake hataki shule mpaka afike miaka saba. Tunajifunza sauti za herufi, kisha kuziunganisha. Leo kasoma "ship" na "fish" peke yake. Tulipokwenda dukani alisoma vibao vyote vya Thornton Heath, mtaa wetu hapa London, kuku, kinyozi, kila kitu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Sawa tu.

Imla bado. Jirani yangu Mama Njeri, Mkenya aliyewasomesha wanawe watatu nyumbani, kaniambia nisikimbilie. Kwanza mtoto asome maneno mafupi bila kusita, hata ikichukua miezi. Ndipo nimtajie neno aliandike. Akisoma, herufi ziko mbele yake. Akiandika, lazima azitoe kichwani, na Kiingereza sauti moja ina njia tatu za kuiandika. Nimemwelewa.

Jumapili, 5 Oktoba

Namchukia wifi Zuhura. Nimeandika, basi.

Chakula kwake, karibu na Edgware Road. Ni dada mkubwa wa Khamis. Ndiye aliyekuwa akikaa na Salma mchana tangu mama yake afariki, mpaka nilipokuja mimi. Hajanisamehe. Baada ya pilau, mbele ya wanawake wote aliowaalika, kampa Salma kalamu na karatasi.

"Haya mwanangu, niandikie 'night'."

Salma kaandika n. Kasita. Kaandika i na t. Lilipofuata "rain" hakuandika kitu. Machozi yakadondoka kwenye karatasi.

Zuhura kawageukia wageni. "Bibi harusi kamaliza fomu foo, lakini mtoto hajui imla. Labda mahaba yanamchosha."

Wakacheka. Bibi harusi hamjibu wifi yake mbele za watu. Nikacheka nao.

Wakati wa kuondoka kamwambia Khamis kwamba mwisho wa mwezi atampa Salma imla ya maneno kumi. Akishindwa, anarudi kwake Jumatatu mpaka Ijumaa. Khamis hajawahi kumkatalia dada yake, kalelewa naye. Kasema inshallah. Khamis nimemsamehe. Zuhura sitamsamehe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Zuhura kanitumia maneno kumi kwenye simu, kwa sauti yake, eti nisije nikasema kanionea. "Sisi Unguja tulianza imla darasa la kwanza, wifi. Tulikufa?"

Hatukufa. Mimi pia nilisoma hivyo. Asubuhi ba be bi bo bu, mchana imla. Lakini Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Ukijua kusoma umejua kuandika. Kiingereza hakiko hivyo. Najua kabisa.

Naanza imla hata hivyo. Nataka kuuona uso wake ukianguka mbele ya wanawake wale wale. Nataka anyamaze, watu wamtazame.

Jumanne, 14 Oktoba

Salma anaumwa tumbo kila baada ya chai. Nimembadilishia maziwa. Si maziwa.

"Night" tumeandika ukurasa mzima. Kisha "rain" ukurasa mzima. Nikichoka namfikiria Zuhura, napata nguvu. Nguo nimeshachagua, ile ya zambarau. Khamis anasema akiniona nayo njiani akiwa anaendesha anaweza kupitiliza vituo vyote na basi zima la abiria. Mume wangu jamani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mama Njeri kaja, kamkuta Salma analia juu ya daftari.

"Sasa unafundisha mtoto ama unafundisha wifi yako?"

Nimekasirika. Nikamtilia chai. Alipoondoka nilikuta kitabu cha hadithi kimefichwa nyuma ya kochi. Na dukani leo Salma hakusoma kibao hata kimoja. Niliona. Nikaendelea.

Ijumaa, 24 Oktoba

Yote kumi anayajua. Kama kasuku. Nimemtajia "light", halimo kwenye yale kumi, akaandika "night". Nikamtajia tena, taratibu. "Night." Haunganishi sauti tena, anakumbuka picha tu.

Sikumwambia Khamis. Kaingia na mkate wa ufuta, kanibusu shingoni. "Mwalimu wangu." Nikaona aibu. Nikamkumbuka Zuhura, aibu ikaisha.

Jumapili, 26 Oktoba

Chakula kwa Zuhura tena. Maneno kumi, yote sawa. Vigelegele.

Sikumtazama Salma. Nilimtazama Zuhura. Nilikuwa nimeusubiri uso ule wiki tatu. Haukuanguka. Kainuka, kamkumbatia mtoto, kawageukia wageni.

"Mnaona? Nilimwambia bibi harusi aanze imla mapema. Mwanzo kiburi, lakini kanisikia."

Wakampongeza yeye. Mmoja kanipiga bega, kasema nina bahati ya kupata wifi kama huyu. Khamis, Khamis wangu, kamwambia, "Ahsante, dada." Nimesimama na nguo yangu ya zambarau kama pazia.

Kwenye treni Salma kaniuliza kwa Kiingereza kama sasa maneno yamekwisha. Nikamwambia yamekwisha. Kalala papo hapo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo sikusomesha. Khamis alipumzika. Nikamwita mezani, nikamwomba Salma aandike "light", mara moja tu. Kaandika "night", kisha kanitazama usoni kujua kama nimekasirika. Khamis kauona mtazamo ule.

Salma alipokwenda kucheza nikamweleza yote. Tumbo, kitabu nyuma ya kochi, maneno ya Mama Njeri. Nikamwambia nilimtumia mtoto wake kama fimbo ya kumpigia dada yake. Nikalia. Niliamini atasema Salma arudi kwa Zuhura, na ningestahili.

Khamis kanipa kitambaa nijifute. Kisha kasema, "Ulitaka kumkomoa dada Zuhura? Mimi nimejaribu tangu nina miaka sita." Nikacheka na makamasi. Yeye hakucheka. Kasema Salma anabaki hapa, na asilie tena kwa ajili ya ugomvi wetu. Imla mpaka asome kwa raha, hata ikifika kiangazi.

Nilitaka kumpigia Zuhura simu nimwambie njia yake haikufaa kitu, mtoto kakariri. Nimeshika simu. Nikaiweka. Angesikia neno moja tu, kwamba mtoto hajui.

Alhamisi, 6 Novemba

Zuhura kapiga simu. Anamsimulia kila mtu, hata wageni waliokuja kutoka Muscat, jinsi alivyomfundisha bibi harusi kusomesha. Kauliza kama imla inaendelea.

"Inaendelea vizuri, wifi. Bila wewe ningefika wapi?"

Khamis kang'ata taulo la jikoni asisikike akicheka. Acha ajisifu. Kila anapojisifu nitamshukuru, na katika nyumba hii hakuna anayeandika neno la imla. Ni utamu ambao siwezi kumpa mtu mwingine aonje, ila Khamis.

Salma bado hafungui kitabu mwenyewe. Simlazimishi. Jioni nilikaa naye kwenye kochi, nikamsomea, kidole changu kikifuata mistari. Katikati ya ukurasa kakishika kidole, kakizuia kwenye neno moja. Midomo ikacheza kidogo. Kalisema. Kisha kakiachia.

Sikumsifu. Nikaendelea kusoma.